Safari ya kwanza nje ya Uganda na watoto wanaochagua chakula: Kigali, Mombasa au Dubai?

MamaWawili_Kawempe

Habari zenu wote. Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya kwa muda mrefu, leo nina langu, naomba mnisaidie mawazo.

Mimi na mume wangu tumekuwa tukiweka akiba tangu mwaka jana ili likizo ya muhula wa pili, mwisho wa Agosti, tuwatoe watoto nje ya Uganda kwa mara ya kwanza. Sisi wenyewe tumetembea kidogo. Mimi nilisoma Kenya miaka miwili, na kazi ya mume wangu humpeleka Juba mara kwa mara. Watoto hawajavuka mpaka wowote. Mkubwa ni wa kike, ana miaka 7. Mdogo ni wa kiume, ana miaka 4.

Pesa tutajibana. Kinachonikosesha usingizi ni sahani. Mkubwa anakula chapati, mayai, chipsi na wali mweupe ambao haujaguswa na kitu. Mchuzi ukidondokea wali hata tone moja, sahani nzima imeharibika, hata ukiondoa pale palipolowa. Mdogo yeye hunusa. Kila kinachowekwa mbele yake hukinusa kwanza, akikunja pua ndiyo basi, huna la kufanya. Vyake ni maziwa, matoke ya kupondwa, ndizi mbivu, mandazi na uji wa mahindi.

Pasaka tulikwenda kwa ndugu wa mume wangu Mbale. Wametupokea vizuri sana, wakapika malewa, yaani machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga, chakula cha heshima kwao. Wanangu hawakugusa. Siku tatu mdogo aliishi kwa ndizi mbivu na maziwa. Shangazi yao alisononeka, akaniambia kwa upole kwamba nimewadekeza. Usiku ule nililia bafuni. Na hapo ni Mbale tu, saa chache kutoka nyumbani.

Mume wangu anataka Dubai, anasema watoto waone dunia. Mimi moyo wangu uko Mombasa, nataka waone bahari. Mama mkwe anasema twende Kigali kwa sababu ni karibu na ni pasafi. Wenye watoto wa namna hii, ninyi mlichaguaje?

Pwani_Moyoni

Dada, nenda Mombasa bila kusita. Nimezaliwa Kisauni, nimeolewa Ntinda miaka 11 sasa, na kila mwaka nawapeleka wanangu kwa bibi yao.

Mtoto anayekula chapati na chipsi hawezi kulala njaa Mombasa. Asubuhi kuna mahamri ya moto na chai ya maziwa. Jioni, kuanzia saa kumi na moja hivi, viazi karai viko kila kona: viazi vya kuchemsha vilivyochovywa kwenye unga wenye rangi ya manjano kisha vikakaangwa. Ukwaju unawekwa pembeni, humlazimishi mtoto. Kuna mkate wa sinia, kuna kaimati, kuna madafu. Mchana mpelekeni Mama Ngina wakimbie wakitazama meli zinavyoingia Kilindini, na Fort Jesus wapande kwenye mizinga. Ile ngome Wareno waliijenga tangu 1593, lakini watoto wa umri huo historia hawaijali, wao ni mizinga na kobe. Kobe wapo Haller Park, Bamburi, wakubwa kuliko beseni la kufulia.

Ila jambo moja nikuonye kwa mapenzi. Wali wa pwani mara nyingi ni wa nazi. Kwa macho ni mweupe kabisa, kwa pua si ule anaoujua. Binti wa wifi yangu alitoka Kampala akadhani ameletewa wali wake, kijiko cha kwanza tu akautema mezani mbele ya wageni. Siku nyingine zote hakuuamini wali wowote, hata uliopikwa kwa maji matupu. Uliza kabla: "Wali huu umetiwa nazi?" Na waanzishe nyumbani mapema. Nunua nazi pale Owino, upike kidogo mara moja kwa wiki, waizoee harufu kabla ya safari.

Baba_Watatu_Jinja

Mombasa ni nzuri, sikatai, lakini mtu atafikaje huko na mtoto wa miaka 4? Hilo ndilo wengi hawalisemi.

Kampala hadi Nairobi ni kilomita 650 hivi, kisha Nairobi hadi Mombasa kama 480. Mwaka juzi tulipanda basi la usiku kutoka Kampala. Siitaji kampuni. Liliondoka limechelewa saa tatu nzima, tukafika Malaba usiku wa manane, watoto wakaamshwa wapange foleni kwenye baridi, na vyakula vyote tulivyobeba vilikuwa vimeisha tulipokuwa tukisubiri kwenye kituo. Kilichokuwa kikiuzwa mpakani saa ile ni nyama choma na soda. Mwanangu wa kati hali nyama. Alikunywa soda, na kabla hatujafika Eldoret alikuwa amenitapikia shati lote.

Tukifanya tena nitakata safari vipande. Siku ya kwanza kulala Kisumu au Nakuru, ya pili Nairobi, ya tatu treni. Ile treni ya Nairobi hadi Mombasa inafaa watoto kweli: wanasimama, wanatembea, choo kipo, na kwenye hifadhi ya Tsavo unaweza kuona tembo dirishani. Walio chini ya miaka 3 hawalipi, wa 3 hadi 11 wanalipa nusu. Lakini hesabu siku. Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi, mtakaa Mombasa lini?

Nakawa_Boy

Dubai mwisho wa Agosti joto linapita nyuzi 40. Mtashinda ndani ya maduka makubwa na watoto wanaotaka kukimbia. Tena kuna viza na tiketi nne. Subirini wakue.

Nesi_wa_Watoto

Mama Wawili, pole sana kwa yale ya Mbale. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Kampala, na kinamama wanaoniambia walilia bafuni ni wengi kuliko unavyodhani.

Kwanza ujue hukuwadekeza. Kuogopa chakula kigeni ni hatua ya ukuaji, na huwa kali zaidi kati ya miaka 2 na 6. Mtoto anaweza kuhitaji kuonyeshwa chakula kimoja mara 8, mara 10, hata 15, kabla hajakubali kukionja. Kuonyeshwa nako si kulazimishwa. Ukimbana, ukimwahidi pipi, ukimkaripia mbele ya watu, unazidisha woga. Kazi yako mzazi ni kuamua nini kinakuja mezani na saa ngapi. Kazi yake mtoto ni kuamua atakula au hatakula, na kiasi gani. Kwa hiyo safarini hakikisha kila mlo una kitu kimoja anachokijua, hata kama ni mkate mtupu, halafu vile vigeni vikae pembeni bila maneno.

Pili, mtoto mwenye afya akila kidogo kwa siku nne tano hadhuriki, mradi anakunywa. Mimi kwenye safari huogopa maji kuliko chakula. Beba pakiti za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha au kutapika, na vidonge vya zinki. Na wa miaka 4 mpimie maziwa kwa kikombe, asije akanywa kutwa nzima kisha tukashangaa kwa nini hali.

Tatu, chanjo ya homa ya manjano. Uganda iko kwenye ukanda wa ugonjwa huu, kwa hiyo ukitoka hapa kwenda Kenya, Rwanda au Tanzania kadi ya njano inaweza kuulizwa mpakani, na ya watoto pia. Chanjo inatolewa kuanzia miezi 9, kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 inatambulika kwa maisha yote. Msingoje wiki ya safari.

Nikuulize jambo: huyo mdogo kuna chakula alichokuwa akikila zamani akakiacha? Au anakabwa, anapoteza uzito, anakula aina zisizofika tano? Ikiwa ndivyo, mlete kwanza kliniki.

MamaWawili_Kawempe

Dada nesi, Mungu akubariki. Hapana, uzito wake ni mzuri na hajawahi kukabwa. Ni pua tu. Nimesoma ujumbe wako kwa sauti, baba yao akasikiliza mpaka mwisho, na tangu jana hatujambembeleza mtu mezani. Jana mkubwa aliweka maharage matatu ukingoni mwa sahani yake akayaacha pale. Kwetu hiyo ni habari kubwa.

Hajati_Bombo

Assalamu alaykum wanangu. Mimi ni mtu mzima, nimelea tisa na wajukuu siwahesabu. Kwetu Bombo mtoto alikula kilichopikwa, na aliyekataa alilala hivyo hivyo, asubuhi akaamka na njaa yake akala. Hizi habari za kuonyesha chakula mara 15 sisi hatukuzijua na watoto wetu walikua.

Lakini sikuja kugombana. Nimekuja kusema jambo moja ambalo sijaona mtu amelisema: tafuteni mahali penye jiko. Nilipowapeleka wajukuu Nairobi kwa ndugu zetu wa Kibera, kilichotuokoa ni kwamba tulifikia nyumbani kwa watu, nikaingia jikoni mwenyewe. Hoteli inakupa kitanda na mlo wa asubuhi, halafu mchana kutwa uko barabarani unatafuta chapati kama mtu aliyepoteza pochi. Ukiwa na jiko, sufuria moja na kilo mbili za mchele, una amani.

Nesi_wa_Watoto

Mama Hajati, wa alaykum salaam. Kwa heshima zote, watoto tisa wanaokula sinia moja hujifunza kwa kuonana. Mdogo anamwona kaka yake anakula mara hizo 15 na zaidi bila mtu kuhesabu. Hivi sasa mtoto anakula peke yake akitazama simu. Nadhani wewe ulikuwa ukifanya haya tunayofundisha bila kuyapa jina. Na la jiko nakuunga mkono kabisa.

Hajati_Bombo

Umesema kweli mwanangu. Sinia lilifanya kazi yake.

Mganda_wa_Kigali

Nimeona Kigali imetajwa na hakuna aliyeizungumzia. Nimeishi hapa miaka 6 na familia. Nawaambia ya chakula na ya njiani, mengine mtayaona wenyewe.

Kampala hadi Kigali ni kilomita 510 hivi kupitia Masaka, Mbarara na Kabale, mnavukia Katuna. Basi huchukua kama saa 10, lakini uzuri wa njia hii ni kwamba inakatika vizuri. Mbarara iko karibu katikati.

Chakula chenu chote msikifunge kwenye kaveera. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na mpakani wanakagua kweli kweli. Nimeona mama amemwagiwa mandazi yake kwenye kiti ili kaveera ibaki. Tumieni bakuli zenye mfuniko, vitambaa, mifuko ya karatasi. Wanaokwenda Kenya hivyo hivyo, kule marufuku ilianza Agosti 2017.

Saa. Kigali iko nyuma ya Kampala kwa saa moja. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mtoto ina maana ataomba chakula cha mchana saa tano ya hapa, na mikahawa mingi bado inawasha mkaa. Asubuhi ataamka kabla ya jua.

Magari yanapita kulia. Mtoto wa Kampala amefundishwa kutazama upande mwingine kwanza. Kila barabara mshikeni mkono.

Kuhusu mlo: tafuteni nyumba ya kupanga kwa siku, yenye jiko, mtaa wa Nyamirambo. Huo ndio mtaa wa Waislamu na Waswahili wa Kigali, mtasikia Kiswahili dukani, kinyozini, msikitini. Chapati zipo kila baada ya hatua chache. Pale Biryogo kuna barabara waliyozuia magari kupita, wameipaka rangi, meza ziko nje katikati ya njia, watoto wanakimbia wewe unakunywa chai. Na maziwa! Hapa kuna maduka ambayo kazi yake kubwa ni kuuza maziwa kwa kikombe, ya moto au ya baridi, au mtindi wanaouita ikivuguto, na kwenye kabati la kioo kuna mandazi, chapati na mayai ya kuchemsha. Nilipowasoma wanao nikacheka kwa furaha, kwa sababu umeniorodheshea kabati hilo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda. Asubuhi hadi saa tano watu wanafanya kazi za jamii, maduka yamefungwa, magari hayatembei. Nunueni kila kitu Ijumaa.

Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya 1994, nendeni ninyi wakubwa kwa zamu. Wadogo hawa bado.

Pwani_Moyoni

Nimesalimu amri kwa safari ya kwanza. Lakini bahari inawangoja.

MamaWawili_Kawempe

Tumeamua. Kigali, siku sita, nyumba yenye jiko Nyamirambo, tunalala Mbarara kwa shemeji kwenda na kurudi. Mume wangu ameiachia Dubai mwenyewe baada ya kusoma ule mstari wa nyuzi 40 na kupiga hesabu ya tiketi.

Kwa watakaosoma baadaye: sisi wakubwa tungeweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, maana Uganda, Kenya na Rwanda zimekubaliana hivyo tangu 2014. Tanzania haimo, huko ni pasipoti. Shida ni watoto, kitambulisho chetu hutolewa kuanzia miaka 16. Tumeona bora tuwachukulie pasipoti kabisa, shilingi 250,000 kwa kila mmoja, na maombi unaanzia mtandaoni kisha unakwenda Kyambogo kwa picha na alama za vidole. Kabla ya hapo lazima cheti cha kuzaliwa cha NIRA, ile mamlaka ya usajili, na cha mdogo kilikuwa kimekosewa herufi moja ya jina la baba. Herufi moja! Kurekebisha kulitumalizia muda kuliko pasipoti zenyewe. Vitazameni vyeti leo, msingoje. Na ikiwa mzazi mmoja tu ndiye anayesafiri na mtoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake.

Mazoezi: kila Jumapili sasa tunakula nje ya nyumba, mahali tofauti, na kila mtoto ana bakuli lake la akiba kwenye mkoba. Kuwa nalo tu kumewatuliza, mara nyingi hawalifungui.

Nesi_wa_Watoto

Hilo la bakuli la akiba ni zuri sana. Nitalichukua niwafundishe wengine.

MamaWawili_Kawempe

Tumerudi! Niliahidi kuleta mrejesho, huu hapa, na utakuwa mrefu.

Njiani. Tuliondoka Kampala alfajiri. Kayabwe tukashuka pale kwenye ikweta, mkubwa akasimama mguu mmoja huku mmoja kule kama kila mtu. Lukaya wachuuzi walipoyazunguka madirisha, baba yao alinunua gonja, ile ndizi ya kuchoma, na mdogo akalinusa, akala nusu. Mbarara tulilala vizuri. Kutoka Kabale milima ilimtingisha mdogo tumbo, akatapika mara moja kwenye bakuli tuliloliandaa. Nashukuru hatukumshibisha maziwa kabla ya kona zile.

Katuna walifungua mkoba wetu wa chakula. Chapati kwenye kitambaa, mayai kwenye bakuli, mandazi kwenye mfuko wa karatasi wa unga. Ofisa akatikisa kichwa, akatabasamu, akafunga. Dada aliyekuwa nyuma yetu alikuwa na kaveera saba, nikampa kitambaa changu kimoja. Kadi za njano waliziuliza zote nne.

Ijumaa jioni tukaingia Nyamirambo, na mimi, niliyeonywa, nikawa nimekosea tarehe. Nilijua umuganda ni Jumamosi inayofuata. Kumbe ilikuwa kesho yake. Asubuhi saa moja ya Kigali, ambayo kwa matumbo ya wanangu ni saa mbili, mtaa mzima kimya, milango imefungwa. Tulikuwa na mayai mawili, chapati moja na nusu iliyokauka na majani ya chai. Nikaipasha ile chapati kwenye sufuria kavu nikiwa na joto la wasiwasi mwilini. Mwenye nyumba, mama wa makamo, akatusikia akaleta jagi la maziwa yake na viazi vya kuchemsha kwenye sahani, vitupu, vinatoa mvuke. Mdogo akainama akanusa. Nikajilazimisha kutazama dirishani, kama dada nesi alivyotufundisha. Nilipogeuka alikuwa amemenya kimoja kwa kucha, polepole, akala. Akachukua cha pili. Nyumbani mtoto huyu kiazi hakijui kabisa isipokuwa kwa jina. Tangu asubuhi hiyo ameishi kwa viazi na maziwa na mandazi, na alikuwa na nguvu za kupanda vilima vyote vya mji ule.

Matoke ndiyo yaliyotuangusha. Nilitegemea kwamba nchi ya migomba haiwezi kutushinda. Lakini wao hupika ndizi nzima nzima, pamoja na nyanya, kitunguu na mafuta. Tamu kwetu, mimi nilikula kila siku. Mdogo alitazama akasema, "Mama, hii imevunjika." Nikanunua ndizi mbichi sokoni, nikachemsha tupu, nikaponda kwa kitako cha kikombe. Rangi ilikuwa ile ile. Akanusa akasogeza sahani, maana hazikupikwa kwenye jani, na yeye anaijua harufu ya jani. Hakula matoke siku zote sita, nami sikusema neno.

Mkubwa naye. Duka la maziwa lililo karibu na nyumba lilikuwa na kabati lile lile la kioo alilosema Mganda wa Kigali. Siku ya kwanza alijificha nyuma ya sketi yangu. Siku ya pili akauliza chipsi wanaziitaje. Dada wa pale akamwambia: ifiriti. Akalirudia lile neno njia nzima, ifiriti, ifiriti, mpaka nyumbani. Jioni tukaenda Biryogo, akaondoka mezani peke yake, akatembea kwenye ile barabara ya rangi mpaka kwa mwenye jiko, akainua uso akasema, "Amata na ifiriti," yaani maziwa na chipsi. Akaletewa. Zilikuja na kachumbari juu. Juu kabisa, si pembeni! Nilishika ukingo wa meza. Akaitazama, akachukua uma, akaisukuma yote upande mmoja, akala zile ambazo hazikuguswa, kisha akala mbili zilizoguswa. Sidhani kama aliona kwamba nimeona.

Siku nyingine tulikwenda Nyandungu, ile hifadhi ya ardhi oevu mjini, njia zake ni nzuri kwa miguu midogo na ndege ni wengi. Beba chakula chako cha watoto, hasa kwa ile saa yao ya tano. Gisozi tulikwenda kwa zamu. Siwezi kuandika mengi kuhusu hilo hapa.

Jambo moja tulilibadilisha: siku sita katika nyumba moja zilitosha, na siku tuliyotaka kwenda Rubavu ziwani na kurudi tuliiacha. Baba yao alisikitika kidogo. Lakini mtoto aliyekwisha kujua duka lake la maziwa liko wapi ana raha, na mimi sikutaka kumwondolea raha hiyo kwa ajili ya picha.

Mganda_wa_Kigali

Machozi yamenilenga kwenye amata na ifiriti. Mkirudi, semeni, wanangu wawapeleke Rubavu wakaonje sambaza za kukaanga. Ni visamaki vidogo, vikavu, havina mchuzi. Nina hakika na huyo mkubwa.

Baba_Watatu_Jinja

Swali: nyumba mliipataje, na sufuria mlizikuta au mlibeba?

MamaWawili_Kawempe

Rafiki wa mume wangu alikwenda kuitazama kwa niaba yetu kabla hatujalipa. Sufuria mbili tulizikuta. Nilibeba yangu moja ndogo ya wali, kikaango cha chapati, na chupa ya chai ya kuwekea uji. Kikaango kilikuwa kizito lakini sijutii.

Hajati_Bombo

Alhamdulillah. Mwanangu, nimefurahi kwa ajili ya jiko. Huyo mwenye nyumba aliyeleta viazi mpelekee zawadi mtu akienda.

MamaWawili_Kawempe

Nimempelekea kahawa na kitenge, Mama Hajati, kwa dereva.

Pwani_Moyoni

Na bahari je?

MamaWawili_Kawempe

Desemba ya mwaka ujao, Mungu akipenda, kwa vipande na kwa treni. Nazi nimeshaanza. Jumapili nilipika wali wa nazi kikombe kimoja tu, nikauweka katikati ya meza bila kumwambia mtu. Mkubwa aliuliza kwa nini unang'aa. Mdogo alisogea, akanusa mara mbili, hakukunja pua. Hakula. Jumapili hii napika tena.